Neno Moja la Kumwita Mkalimani

Mwalimu hakupenda kushukuriwa. Ukimwambia asante, alikuuliza, "Ya nini hasa?" na hapo ulilazimika kueleza, na kabla hujamaliza alikuwa amekwisha kukusahihisha mahali pawili. Shukrani zangu naziandika hapa basi, ambako hawezi kunikatiza.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Alikuja Newala akiwa kijana, amepangiwa kufundisha hesabu sekondari, akakaa nasi mpaka akastaafu. Kwetu mwanamke mzima huitwa kwa jina la mwanawe. Yeye hakujaliwa mtoto, kwa hiyo akawa Mwalimu, na walimu wengine wote wa wilaya wakalazimika kuongezewa majina yao ili wasichanganywe naye. Mimi ni katekista mstaafu wa Mkunya. Nilifundishwa dini Lulindi, na kwa miaka mingi nimetunza vitabu vya kanisa: vya ubatizo, vya kipaimara, vya ndoa na vya mazishi. Vitabu hivyo ndivyo vilivyonikutanisha naye. Na mwaka huu vitabu hivyo hivyo vilimleta mlangoni kwangu Mama Stela wa Mnyambe, mjane, ambaye shamba lake la mikorosho lilikuwa linamponyoka kwa kukosa mstari mmoja wa kitabu cha ndoa. Nitafika huko. Kwanza mtu mwenyewe.

Alivaa sweta mwaka mzima. Miezi ya ukungu sisi sote huvaa sweta huku juu, lakini yeye hata katika joto la Novemba alikuwa nalo, mfuko wa kulia umejaa vipande vya chaki. Alikuwa na swali moja aliloliuliza kila mtu: "Umejuaje?" Muuza mihogo wa sokoni alilizoea.

"Mitamu hii, Mwalimu."

"Umejuaje?"

"Nimekula asubuhi."

"Uliula huu?"

"Huu nikiula, Mwalimu, nitakuuzia nini?"

Alicheka, akanunua. Alipenda kushindwa namna hiyo.

Darasani hakucheka. Mwanafunzi aliyeleta jibu sahihi bila kuonyesha alivyolipata alipewa sifuri, na mzazi aliyekuja kulalamika alirudi nyumbani na somo la hesabu. Lakini mtu huyo huyo alipika bila kupima, chumvi akirusha kwa mkono kama anayelisha kuku, na hakuanza kazi mpya siku ya Jumanne. Nilimwuliza siku moja amejuaje kwamba Jumanne ni mbaya. Alinitazama sana. "Hilo, Katekista, usiniulize."

Alikuwa Mwislamu wa sala tano. Nasema hivyo kwa sababu kuna watu waliona ajabu kwamba mtu aliyefunga Ramadhani nzima alikuwa akiinamia majina ya waliobatizwa. Yeye hakuona ajabu. Alisema kitabu cha majina ya watu ni amana, na amana haina dhehebu. Nilimwombea kila Jumapili, naye alijua, na mara mbili tatu alinikumbusha kwamba nimesahau kumwombea dada yake.

Kazi yetu ilianza kwa aibu yangu. Mchwa walikuwa wameingia kabatini, nami nikazibandika tena kurasa zilizolegea kwa uji wa muhogo, kama nilivyomwona babu akibandika. Mwalimu alipita kuniomba kiti cha ziada kwa mkutano wa wazazi, akaniona.

"Shikamoo, Katekista. Unafanya nini?"

"Marahaba. Naponya vitabu."

Alinusa ule uji. "Unawaandalia mchwa chakula," akasema.

Kuanzia wiki ile alikuja kila baada ya vipindi na kompyuta yake mpakato. Mimi nilisoma, yeye aliandika. Tulimaliza vitabu vyote kwa muda wa miaka miwili na zaidi, na katika muda huo nilijifunza kwamba sauti yangu hushuka mwisho wa sentensi, maana alinikemea kwa ajili hiyo kila siku.

Majina yalipokuwa ndani, akaandika programu ya kuyatafutia, na kompyuta akaniachia. Hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu jambo hili lilinichukua muda kulielewa, na nililielewa kwa njia yangu. Lugha aliyoandikia Mwalimu haitendwi na mashine moja kwa moja. Lazima kwanza igeuzwe kuwa lugha nyingine, JavaScript, ndipo mashine ifanye kazi. Nilimwuliza kwa nini asiandike hiyo nyingine tangu mwanzo. Akasema hii ya kwake ni kali. Ukikosea humwambia mwandishi mapema, kabla kosa halijamfikia mtu mwenye shida yake. Hilo nililikubali. Nimesimama miaka mingi kando ya mapadri nikigeuza Kiswahili chao kuwa Kimakonde kwa ajili ya bibi za Mnyambe, na najua neno zuri lisilogeuzwa halimfikii mtu.

Shida ilikuwa kwamba mkalimani wa Mwalimu hakuja mwenyewe. Ilibidi umwite. Kwanza uandike amri ya kugeuza, usubiri, litokee faili la pili. Halafu uandike amri ya kulitenda faili lile la pili, na jina unalolitafuta mwishoni. Aliniandikia hatua hizo kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Nilimwomba azifupishe.

"Hapana," akasema. "Ukiruka hatua hujui unachokifanya."

"Mwalimu, mimi nina miaka sabini."

"Sabini na hatua mbili. Utaweza."

Niliweza, mpaka siku nilipoanguka. Asubuhi moja alipita akarekebisha kosa kwenye programu: watu wawili wenye jina moja walikuwa wakichanganywa. Akaniambia limekwisha, akaenda shuleni. Mchana akaja mtu wa Mkunya anayetaka cheti cha ubatizo apeleke ofisini, gari linamsubiri. Kwa haraka nikaruka amri ya kwanza. Faili la pili lilikuwepo, lile la jana, pamoja na kosa lake, nalo likatenda kwa utii wote. Nikamwandikia yule mtu cheti cha binamu yake. Ofisini wakamwuliza imekuwaje amezaliwa baada ya mdogo wake. Alirudi kwangu na hasira, na alikuwa na haki.

Nilimweleza Mwalimu bila kujitetea. Alichezea chaki mfukoni. Nilitazamia sifuri.

"Kosa ni langu," akasema mwisho. "Nilidhani nakufundisha. Kumbe nilikuwa nimekutegea."

Siku ile ile akaketi. Alinionyesha kila alichofanya, kwa maana hakuweza kuacha kuonyesha. Juu kabisa ya programu akaongeza mstari mmoja: alama ya reli, alama ya mshangao, kisha njia ya kumpata mkalimani kwa jina. "Mashine ikifungua faili hili," akasema, "itasoma hapa kwanza. Itajua nani aitwe. Itamwita yenyewe, kila mara, kwa maandishi ya leo, siyo ya jana." Halafu akalipa faili ruhusa ya kutenda, kwa sababu bila ruhusa mashine huliona kuwa ni maandishi tu ya kusomwa. Akalikata mkia wa jina lake, zile herufi za baada ya nukta, akaliweka kwenye folda ambamo mashine hutazama ikisikia amri. Akanisogezea kompyuta.

"Andika tafuta. Halafu jina."

Niliandika. Jina likaja. Neno moja na jina, basi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na Mwalimu akaniuliza, ya nini hasa.

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa mkaidi, na ukaidi wake ulitaka kutuharibia kazi mahali pamoja. Aliamini kila mtu ana jina moja. Nilimwambia huku sivyo. Mtoto wa kiume hupewa jina akizaliwa, na kwa jina hilo huletwa kubatizwa. Akienda likumbini kutahiriwa na kufundwa, hutoka na jina jipya, na lile la kwanza halitamkwi tena. Kumwita mwanamume jina la kabla ya jando ni kumtukana mbele ya watu. Hata mkewe halijui. Lakini mapadri wa zamani, wakifungisha ndoa, walinakili jina kutoka kitabu cha ubatizo bila kuuliza. Kwa hiyo kitabuni ameoa mtoto ambaye kijijini hayupo.

"Basi tuwaulize majina yao ya kwanza," akasema Mwalimu.

"Nani amwulize nani?"

"Wewe. Katekista."

Nilijaribu kwa mzee mmoja jirani yangu, tena kwa upole. Akaniambia, "Katekista, unataka nirudi kule nikavuliwe nguo upya?" Hakunisalimia mwezi mzima. Ndipo nikaenda kwa dada zao na kwa bibi waliobaki hai, nyumba kwa nyumba, nikiahidi mbele ya Mungu kwamba nikishayaingiza majina hayo nitazichoma karatasi. Nilizichoma. Na Mwalimu, ambaye kwanza alinung'unika kwamba siri ni adui wa hesabu, aliifunga orodha ile ndani ya programu isisomeke kwa namna nyingine yoyote ila kwa kuuliza jina moja moja. Alipomaliza akasema kitu ambacho sikutazamia kwake: "Kuna mambo ambayo mtu akiyajua inatosha, asiulizwe ameyajuaje."

Alistaafu, akahamia Masasi kwa mdogo wake. Mwaka jana akapata kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na ulimi ukawa mzito hata kwenye simu hukumwelewa. Nilikwenda kumwona mara mbili, nikarudi nikiwa na huzuni, kwa kuwa nilizoea kusahihishwa.

Sasa Mama Stela. Mumewe aliitwa Petro Chihonde, mkulima, mtu wa kanisani. Nilimzika mimi mwenyewe. Alipofariki, wapwa zake, wana wa dada yake mkubwa, walidai mikorosho. Kwa desturi yetu mali ya mjomba ina mlango wa kwenda kwa wapwa, nami sidharau desturi. Lakini walisema mjomba alifyeka na kupanda peke yake, na kwamba Mama Stela aliokotwa baadaye, mikorosho ikiwa imeshazaa, bila ndoa. Baraza la kata likauliza swali moja: ndoa ilitangulia, au mikorosho? Kila mtu Mnyambe anajua mwaka wa kupandwa mikorosho ile. Mwaka wa ndoa aliyekuwa tayari kuutaja ni Mama Stela tu, na cheti, alichokificha mumewe, kilioza zamani pamoja na paa. Akapewa mpaka Alhamisi alete uthibitisho. Akikosa, atatoka shambani.

Nilifungua kitabu cha ndoa. Petro Chihonde hayumo. Upande wa bibi harusi, padri wa siku zile aliandika waongofu kwa jina la ubatizo na kijiji tu. Mama Stela alibatizwa Maria, na akina Maria wa Mnyambe ni wengi kuliko ndoo kwenye bomba la maji. Nilijua maana yake: ameandikwa kwa jina la utotoni. Jina hilo niliwahi kupewa, kwa kuwa nilifika nyumba ile. Lakini nimepewa majina mamia, na karatasi nilizichoma.

Basi nikaenda kwenye kompyuta. Ile ya zamani ilikuwa imekufa miezi michache nyuma, na kijana wetu mmoja aliye Dar alituletea nyingine. Fundi alihamishia mafaili yote kwa flashi. Tangu hapo sikuwa na sababu ya kutafuta. Nikaandika tafuta Chihonde. Ikanijibu kwa Kiingereza kwamba ruhusa imekataliwa. Nikaandika tena polepole. Ruhusa imekataliwa. Fundi wa Newala akaitazama, akasema, "Mzee wangu, hiyo programu imekufa. Aliyeiandika yuko wapi?"

Ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi nikateremka Masasi na kompyuta kapuni, na Mama Stela alikataa kubaki. "Shamba ni langu," akasema. "Nikifukuzwa nataka niwe nimeona nilivyofukuzwa."

Mwalimu alikuwa ameketi kibarazani, sweta mabegani, daftari mapajani, kalamu mkono wa kushoto. Alijitahidi kunipa shikamoo, ikatoka nusu. Nilimwitikia marahaba nzima. Nikamweleza habari yote tangu mwanzo, shamba, wapwa, baraza, Alhamisi, halafu nikamfungulia kompyuta, nikaandika, na yale maneno yakatokea.

Mwalimu akacheka. Nusu ya uso ilicheka. Akaandika kwenye daftari kwa herufi zilizoinama: *Haijafa. Flashi?*

"Ndiyo, fundi alihamisha kwa flashi."

*Flashi imebeba maandishi. Ruhusa imeiacha njiani.*

Nikamsogezea kompyuta aiponye. Akairudisha kwa kiwiko. Nikaisogeza tena, akairudisha tena, na akaandika daftarini mstari mmoja wa kulirudishia faili ruhusa: chmod, nafasi, alama ya kujumlisha na x, nafasi, kisha mahali lilipo faili. Akaligeuza daftari kunielekea. Nilianza kupapasa herufi moja moja.

"Katekista, baba," akasema Mama Stela, "kesho ni Alhamisi. Ukiendelea hivyo korosho zitachipua ndani ya ghala."

"Usiniharakishe, mwanangu. Siku niliyofanya haraka nilimzaa mtu upya."

Nikabonyeza. Hakuna kilichotokea. Hakuna neno, hakuna kosa, mstari mtupu. Nilimtazama Mwalimu kwa hofu. Akaandika: *Ikinyamaza imekubali.*

Nikaandika tafuta Chihonde.

Likaja. Nilisoma kwa sauti, nisiishushe mwishoni: ndoa ya kanisa, Petro Nampunga wa Mnyambe, na Maria wa Mnyambe, siku, mwezi, na mwaka, misimu minne kabla ya mikorosho kupandwa, ukurasa wa kitabu, na shahidi, aliyetia dole, jina lake ni la dada mkubwa wa bwana harusi. Mama wa wale wapwa.

Mama Stela hakufurahi mara moja. "Nampunga ni nani?" akauliza.

Mwalimu alinitazama, kisha akamtazama yeye, na aliuweka mkono wake mzima juu ya mkono wa Mama Stela.

"Ni yeye," nikasema. "Kabla ya likumbi."

Akajifunika uso kwa kanga. Tulimwacha. Alipojifunua alikuwa analia na kucheka pamoja. "Nimezaa naye, nimemuuguza, nimemzika," akasema, "na mtu mwenyewe sikuwa nimetambulishwa."

Alhamisi nilikibeba kitabu mpaka barazani, kimefunguliwa ukurasa ule. Jina la utotoni sikulisoma mbele ya watu. Nilimwita yule dada mkubwa asogee aone mwenyewe. Mwenyekiti akamwuliza dole lile ni la nani. Bibi akalitazama, akalitazama dole lake.

"La kwangu. Nilisimama pale na kanga ya kuazima."

"Na aliyeandikwa hapa ni kaka yako?"

"Ndiye. Nilimbeba mgongoni." Kisha akawageukia wanawe. "Mnataka nikane dole langu nikiwa nimekaa nalo?"

Hawakutaka. Shamba ni la Mama Stela, na baraza limeandika hivyo. Wapwa walikuja kumsaidia palizi mwezi uliofuata. Mama yao aliwaleta.

Jumapili ile, baada ya ibada, tulirudi Masasi wote wawili, mimi na Mama Stela. Mwalimu alisikiliza kila kitu kwa mpangilio, na nilipotaka kurukia hukumu alinyosha kidole nirudi nyuma. Nilipomaliza akavuta daftari, akaandika, *Nani mwingine anaweza kuandika ule mstari?* Nilimwambia ukweli: mimi tu, nami ni mzee, na macho yanapungua.

Akamtazama Mama Stela. Akakisogeza kiti chake kidogo, kwa shida, mpaka pakawa na nafasi ya kiti cha pili mbele ya kompyuta.

"Mimi?" akasema Mama Stela. "Mimi niliishia darasa la nne."

Mwalimu alifungua kinywa, akapigana nacho, na neno likatoka zima, la kwanza nililolielewa tangu alipougua. "Keti."

Alikaa. Kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama anayechagua punje, akaandika tafuta. Halafu akatulia, akatutazama, nikadhani amekwama. Hakuwa amekwama. Akaandika lile jina la utotoni la mumewe, herufi nane, ambalo mke halitamki. Wala yeye hakulitamka. Akabonyeza, na ndoa yake ikaja.